Mtoto Aliyeitwa Yangeyange

"Hebu nisalimie Wanja," Mama Munyi alisema, mikono ikiwa tayari kumpokea mtoto.

Makandi hakumpa. Alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine, mbali na mikono ile, akasema, "Wanja ni wewe, mama. Huyu ana jina lake."

Jikoni kulikuwa na moshi, na chai ilikuwa inakaribia kufurika. Sheila, binti wa mwisho wa boma lile, aliacha kuikoroga akageuka kutazama. Hapo Karurumo, kama kwingineko Embu, hakuna anayekaa kitako kujadili jina la mtoto wa kwanza wa kike. Mtoto anachukua la mama wa baba yake, mambo yakaisha. Mama Munyi mwenyewe aliitwa Wanja kwa sababu nyanya yake aliitwa Wanja, na tangu siku mwanawe Munyi alipooa, alikuwa akimsubiri huyo Wanja mdogo kama mtu anayesubiri haki yake.

"Jina lake nani?" aliuliza.

"Yangeyange."

"Nini?"

"Yangeyange. Ni ndege wa majini."

Chai ikafurika. Sheila hakuishughulikia. "Bata?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaanza kucheka. "Mama, umeskia? Mjukuu wako ni bata."

Mama Munyi hakucheka. Alirudisha mikono yake, akaifuta kwenye leso ingawa haikuwa na uchafu, na Makandi alipomtazama usoni aliona kitu alichokuwa akikitafuta kwa majuma. Mkwe wake alikuwa ameelewa. Sheila angeweza kucheka hadi kesho, lakini yule mama alijua papo hapo ndege gani wanazungumziwa, na walikuwa wamesimama wapi.

"Hiyo jina itoke hii jikoni," Mama Munyi alisema kwa Kiswahili. Alikuwa akimsemesha Makandi kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, ingawa Makandi alielewa Kiembu vizuri sana, lugha za Meru na Embu zikiwa dada. Kiswahili kilikuwa kiti cha mgeni katika boma hilo. Ukipewa hicho, ujue hutaitwa ndani.

"Litatoka na mwenyewe," Makandi alijibu, akabeba mtoto akaenda nyumbani kwake, upande wa pili wa uwanja.

*

Makandi alizaliwa Laare, huko Meru, kwenye mashamba ya miraa, na huko kwao jina lina habari ndani yake. Dada yake aliitwa Kagwiria kwa sababu siku aliyozaliwa ilikuta nyumba ina huzuni, naye akaileta furaha mlangoni. Mtu akiuliza jina lako, anaulizia pia kilichotokea. Kisha Makandi akasomea diploma ya ualimu, akapanga chumba Nchiru, akakutana na Munyi aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hapo, akaolewa Karurumo na kupata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya karibu. Alikuwa mtu wa kupenda neno liwe mahali pake. Wanafunzi wakiandika kwamba ndege fulani mweupe alikuwa kwenye shamba, aliwarudishia daftari: mweupe yupi? Ana jina. Mtafute.

Kwa hiyo hakuchagua jina la mtoto kwa kukurupuka.

Chini ya boma la Mama Munyi kuna kinamasi ambamo familia hupanda nduma, ambazo kwingine huitwa magimbi. Ni mwendo mfupi tu wa kuteremka. Ukiwa kwenye matope unaona mlango wa jikoni, na ukiwa mlangoni unamwona aliye kwenye matope hadi rangi ya kitambaa chake. Yangeyange huja hapo msimu wa mvua. Mchana huwafuata ng'ombe wa watu kwenye malisho, wakila panzi wanaoruka mbele ya kwato, kisha hurudi kwenye maji kuokota vyura na kulala kwenye miti iliyo kando.

Siku ile ya Aprili kina mama wa chama cha akiba walikuwa wanakuja kwa Mama Munyi. Chai ya wageni bila nduma, katika boma lenye kinamasi, ni aibu, na anayechimba nduma ni mke wa mwana. Ndivyo ilivyo. Makandi alisema kiuno kinamuuma tangu asubuhi.

"Sisi tulichimba mpaka siku ya kuzaa," Mama Munyi alisema. "Huko kwenu wanawake wanakaa chini ya miraa wakingoja bwana alete pesa. Hapa tunachimba."

Makandi akachukua jembe akateremka. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Alikuwa ameng'oa mashina machache tu pale uchungu ulipompigisha magoti, na maji yake yakachanganyika na maji ya kinamasi. Aliita, "Mama!" Akaita tena kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Mama Munyi akatoka mlangoni. Aliweka kiganja juu ya macho kuzuia mvua, akatazama chini, moja kwa moja mahali Makandi alipokuwa, mikono yake yote miwili matopeni. Walitazamana. Kisha akageuka akaingia ndani kwa wageni wake.

Makandi alijua alichofikiria mkwe wake, kana kwamba alikuwa amekisema kwa sauti. Mmeru anafanya maigizo ili aache kazi.

Yangeyange walikuwa hapo, wengi, miguu kwenye maji. Ndege akisikia mtu anapiga mayowe huruka. Hawa hawakuruka. Mmoja alisogea hadi karibu kabisa na jembe, shingo ameikunja, akasimama anamtazama kwa jicho moja la manjano, na Makandi alilishika lile jicho kama mtu anavyoshika kamba. Hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mtoto alizaliwa juu ya majani ya nduma, yale mapana ambayo maji hubingirika juu yake bila kuyalowesha, na kilio chake cha kwanza ndicho kilichowafanya ndege wasogee kidogo, wampe nafasi.

Aliyewakuta alikuwa Eunice, mwanachama wa chama, aliyekuwa amechelewa na kupitia njia ya mkato kwenye kinamasi, viatu mkononi. Alivitupa viatu. Alimfunika mtoto kwa leso yake na kupiga kelele hadi vijana wakaja na wilbaro, na Makandi akasukumwa hadi zahanati, mtoto kifuani, kitovu bado hakijakatwa. Mama Munyi alitokea wilbaro ilipopita uani. "Ningejua," alisema mbele ya wageni wake, mkono shavuni. "Ningejua ningekimbia."

Makandi alinyamaza. Mgeni akimshtaki mama wa boma, anashtaki boma zima, na boma ndilo hakimu. Lakini alipokuwa amelala zahanati alifikiria, na jibu likaja lenyewe. Mtu unaweza kumnyamazisha, jina huwezi. Jina litaitwa asubuhi, litaitwa sokoni, litaandikwa shuleni. Kila atakayelisikia atauliza maana yake, ataambiwa ni ndege wa majini waliokuwa kwenye kinamasi siku mtoto alipozaliwa, naye atauliza kinachofuata bila kuchochewa: mjamzito alikuwa anafanya nini kwenye kinamasi? Na mkwe wake alikuwa wapi?

*

Habari ilifika sokoni Karurumo kabla ya Makandi mwenyewe. Hapo watu hawamjui ndege wa majini ila bata. Bata yumo kwenye kitabu cha darasa la kwanza, bata yuko kwa jirani, basi. Ukisema ndege wa majini umesema bata, na yule mweupe anayetembea na ng'ombe, kwao ni ndege ya ng'ombe, ana uhusiano gani na maji?

"Mwalimu, bata anaendeleaje?" aliuliza muuza nyanya, mama mnene mwenye meno mazuri.

"Hajambo. Anakusalimia."

"Ameanza kuogelea?"

"Bado. Anangoja umfundishe, wewe ndiye unayeelea vizuri."

Wale wengine walicheka, naye muuza nyanya akacheka pia, lakini nyanya alizompimia Makandi zilikuwa zile laini za chini.

Nyumbani Sheila alikuja na simu yake mkononi, picha imefunguliwa. "Nimetafuta hiyo yangeyange yako," alisema. "Kumbe ni ndege ya ng'ombe. Si ya maji hata. Umedanganya watu."

"Anakula kwa ng'ombe, analala kwa maji," Makandi alisema. "Wewe unakula kwa mama yako. Unalala wapi?"

Sheila alifunga simu. "Unajiona sana na hiyo diploma."

"Bata ni ndege wa majini, Sheila, lakini si kila ndege wa majini ni bata. Kama vile si kila msichana wa Embu ni wewe. Mungu ametuhurumia."

Ijumaa Munyi alikuja kutoka Embu mjini, alikofanya kazi ofisini na kulala juma zima. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuvua saa yake anapojua kuna ugomvi, kana kwamba anaogopa itavunjika. Aliivua kabla hajaketi.

"Mpe jina la mama," alisema. "Halafu hapa nyumbani tumwite huyo ndege."

"La nyumbani ndilo jina. Hayo mengine ni ya fomu."

"Makandi, kwetu jina haliulizwi maana. Ni la mtu, linarudi kwa mtu."

"Baba yako aliitwa nani?"

"Unajua aliitwa Nyaga."

"Nyaga ni nini?"

"Ni baba yangu."

"Ni mbuni, Munyi. Mbuni ni ndege. Jirani yetu ni Njagi, ni punda milia. Fundi wa baiskeli ni Mbogo, nyati mzima. Mmejaza mbuga kwenye vitambulisho, halafu ndege mmoja mweupe anawashinda."

Munyi alitaka kucheka akajizuia. "Hao walirithi. Huyu atamrithi nani? Chura?" Kisha akaacha mzaha. "Kuna nini kati yako na mama?"

"Muulize siku ile nilipoita alikuwa wapi."

Alivuka uwanja. Alikaa kwa mama yake hadi uji wa Makandi ukapoa, kisha akarudi, akasimama mlangoni bila kuingia. "Amesema mvua ilikuwa kubwa. Hakusikia."

"Na macho yake nayo hayakusikia?"

Munyi aliivaa saa yake, akaivua tena. Hakusema jina ni hapana, na hakusema ni ndiyo, na Makandi alielewa kwamba mumewe ameamua kusimama katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna nyumba.

*

Kilichotokea baadaye hakukitarajia kabisa.

Chama kilikuja kumwona mtoto, kina mama na uji kwenye vibuyu na leso za zawadi, wamejaa nyumbani kwa Mama Munyi hadi wengine wakaketi kwenye mikono ya viti. Makandi aliingia na birika, amejiandaa. Alijua wataliuliza jina. Alikuwa amepanga atakavyojibu, kwa upole, sentensi kwa sentensi, hadi wafike wenyewe kwenye lile swali.

Mama Munyi akamtangulia.

"Mleteni Kayange wangu," alisema.

Makandi alisimama na birika hewani. Ka-, kile kipande kidogo ambacho Waembu humbandika mtoto wanayempenda. Mtoto alipitishwa mkono kwa mkono hadi mapajani mwa nyanya yake, nyanya akamfunua uso.

"Mnajua kwa nini anaitwa hivyo?" Alikuwa anazungumza Kiembu sasa, sauti ya mtu anayejua kusimulia. "Siku ile mlikuwa hapa. Mimi nimekaa nanyi lakini moyo hautulii. Nikasema, huyu mtoto wa watu yuko peke yake kwenye maji, na hali yake ile. Nikatoka mlangoni nikatazama. Nikaona ndege weupe wamemzunguka, weupe kabisa, kama malaika wamevaa kanzu. Nikajua Mungu yuko pale. Nikamwona Eunice njiani, nikamtuma aende. Nikamwambia, kimbia, Eunice, mjukuu wangu anakuja. Sasa, nimpe jina langu kwa nini? Wanja ni jina la duniani. Huyu alipokelewa na malaika."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja alifuta macho. Muuza nyanya, ambaye naye alikuwa mwanachama, alisema kwamba ndege wale hata yeye alikuwa akiwaona tofauti siku zote.

Makandi alimtafuta Eunice kwa macho. Eunice alikuwa kwenye kona, mwanamke mwembamba wa maneno machache, akitazama kikombe chake kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Mtu hamwaibishi mwenyeji wake huku anakunywa chai yake.

Makandi alimimina chai. Alimimina vikombe vyote bila kumwaga tone, kwa hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa amelichonga neno lile kama mkuki, na yule mama amelichukua, akalivisha kanzu, akalitundika ukutani mwake. Kuanzia siku ile kila atakayeuliza maana ya jina la mtoto ataambiwa habari za nyanya mwenye moyo usiotulia. Naye Makandi mwenyewe ndiye atakayekuwa analitangaza, kila asubuhi, akimwita binti yake.

"Mbona hakuna nduma, Mama Munyi?" mtu mmoja aliuliza.

"Mnajua wasichana wa siku hizi," Mama Munyi alisema, na akamtazama Makandi juu ya kichwa cha mtoto, akitabasamu. "Wanaogopa matope. Lakini siku ya ubatizo mtakula. Makandi atawachimbia."

*

Jumamosi kabla ya ubatizo Mama Munyi aliliweka jembe mlangoni kwa Makandi, likiwa limeoshwa. Makandi alilipita akienda kuanika nguo. Akalipita akirudi. Sheila alisema yeye hawezi, ametengeneza kucha. Jioni jembe lilikuwa bado pale, na nduma zote zilikuwa bado kwenye kinamasi.

Kanisa lilikuwa limejaa. Makandi alisimama mbele na mtoto, Munyi kando yake na suti ya harusi. Nyuma yao walisimama wadhamini, Eunice akiwa mmoja wao, kwa sababu jina la Kikristo la mtoto lingekuwa lake. Hilo halikumletea mtu ugomvi. Mama Munyi alikaa safu ya kwanza, kitambaa kipya kichwani, pamoja na chama chake.

Kasisi alikuwa kijana, mgeni katika parokia, mwenye kupenda kuchangamsha watu. "Mpeni mtoto huyu jina," alisema.

"Eunice Yangeyange," Makandi alijibu.

Kasisi aliinua nyusi. "Hili sijawahi kulibatiza. Maana yake nini, ndugu zangu?"

Kulikuwa na kicheko kidogo. Mama Munyi alishika mgongo wa kiti akaanza kuinuka. Alikuwa ameshafungua mdomo, na uso wake ulikuwa na ile nuru ya mtu anayeenda kusimulia.

"Mimi nitajibu," Makandi alisema. "Mimi ndiye niliyelitoa."

Hakupandisha sauti. Alizungumza Kiembu, kwa lafudhi ya Laare, na watu wengi hawakuwahi kumsikia akikizungumza.

"Yangeyange ni ndege wa majini. Ni wale weupe walio kwenye kinamasi chetu. Siku aliyozaliwa huyu, nilikuwa mgonjwa tangu asubuhi, nikasema. Nikatumwa kuchimba nduma za wageni. Uchungu uliponishika, nilimwita mama. Akatoka mlangoni. Akaniona, nikamwona. Akarudi ndani. Ndege walibaki. Hawakuwa malaika, walikuwa wanakula vyura. Lakini walibaki. Ndiyo maana ya jina."

Mama Munyi alikuwa nusu amesimama, nusu ameketi. "Mimi nilimtuma Eunice," alisema. Hakuwa anamwambia Makandi. Alikuwa anakiambia chama. "Eunice, sema."

Kasisi alimtazama Eunice, na kanisa zima likafanya hivyo. Eunice alikuwa na mshumaa wa ubatizo mkononi, na nta ilikuwa inamtiririkia kidoleni.

"Nilikuwa nimechelewa," alisema. "Nikapitia njia ya mkato." Alifikiri kidogo. "Sikutumwa na mtu, Mama Munyi. Viatu vyangu hadi leo viko kwenye yale matope."

Munyi alinyoosha mkono polepole akamshika Makandi kiwiko, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kuchagua upande wa kusimama. Makandi hakumgeukia. Kasisi alitazama vitabu vyake, akaona hakuna sala ya jambo kama hilo, akachota maji.

"Eunice Yangeyange," alisema, "nakubatiza kwa jina la Baba."

Mtoto alilia hadi mwisho wa ibada.

*

Wageni walikuja. Kwa Waembu huwezi kuacha kwenda kula kwa mtu kwa sababu tu umemsikia vibaya kanisani. Ungebaki na watu wangapi wa kwenda kwao? Waliketi uani chini ya hema la kukodi, sahani mapajani, na walizungumza juu ya bei ya kahawa kwa bidii ambayo kahawa haikuwahi kupata. Wali ulikuwapo, nyama ilikuwapo. Chai ilipoanza kumiminwa, sahani ya nduma haikuonekana, na kila aliyekuwapo aliona kwamba haionekani.

Mama Munyi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mahali pale pale. Alikuwa bado na kitambaa kipya cha kanisani. Sheila alimnong'oneza kitu. Mama yake akamsukuma kwa kiwiko. Alivuka uwanja hadi mlangoni kwa Makandi, watu wakanyamaza hema zima, kwa sababu walidhani anaenda kupigana. Aliinama akachukua jembe.

"Mama, wacha," Munyi alisema, akiinuka. "Nitaenda mimi."

"Kaa chini."

Aliteremka peke yake. Kutoka uani walimwona akivua viatu, akikunja sketi ya Jumapili na kuingia kwenye matope hadi magotini. Yangeyange walikuwa pale pale. Waliinua vichwa, wakamwona ni mtu kama watu wengine, wakaendelea kula. Alichimba vibaya. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu achimbe, na mara moja aliteleza akaanguka kwa mkono, akabaki hapo chini muda kidogo, akitazama juu kuelekea boma. Sijui, Makandi alijiambia, anaona nini kutoka pale. Lakini alijua. Unaona mlango wote. Unaona aliyesimama mlangoni hadi vifungo vya nguo yake.

Makandi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Hakuondoka, na hakuteremka.

Mama Munyi alirudi na karai limejaa, matope yamefika hadi kwenye kitambaa kipya. Kina mama wa chama walifanya kama wanainuka kumsaidia, akawapita. Aliliweka karai miguuni pa Makandi.

"Zimechimbwa," alisema kwa Kiembu.

"Naziona."

"Siku ile mvua ilikuwa kubwa."

"Ilikuwa manyunyu, mama."

Mkwe wake alipumua kwa kinywa, kwa shida, kama mtu aliyepanda mlima. Alikuwa na donge la tope kwenye kidevu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. "Nilidhani unanidanganya," alisema.

"Najua ulichodhani."

"Sitaomba msamaha mbele ya watu hawa."

"Sijakuomba."

Mama Munyi aliketi juu ya kigoda cha jikoni, akavuta karai, akachukua kisu. Alianza kumenya shina la kwanza, ganda nene likianguka juu ya miguu yake. Alimenya kwa hasira, akikata nduma yenyewe pamoja na ganda, na Makandi akasimama juu yake akimtazama akiharibu. Ndani ya nyumba mtoto aliamka. Kilio kilianza kidogo kidogo, kisha kikashika kasi.

Mama Munyi hakuinua kichwa.

"Yangeyange analia," alisema. Hakuongeza ka-, hakuongeza wangu.

"Nimesikia," Makandi alijibu, na akaenda.